Wote Ni Kidawa Tandu

Bi. Sihaba wa Bondeni hapigi makofi. Harusini, watu wanapomshangilia bwana harusi akiingia, yeye huwa ameikalia mikono yake yote miwili. Mkutanoni, mgeni rasmi akimaliza kuhutubia, yeye hujifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Wapo wanaosema ana kiburi, na wapo wanaosema ameshika dini kupita kiasi. Mimi niliyekaa naye jamvi moja na kumsikiliza mpaka mwisho nasema hapana, si kiburi wala si dini. Ni nchi ya Bayana iliyomfanya hivyo. Basi tulieni niwasimulie, na mwenye kucheka acheke mapema, maana huko mbele nafasi ya kucheka ni finyu.

Alikwenda Bayana kwa jambo ambalo kila mama analielewa. Binti yake wa pekee, Zawena, aliolewa huko, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza na siku zilikuwa zimekaribia. Kwetu Bondeni mwanamke hazai kifungua mimba bila mama yake kuwa karibu. Kwa hiyo Sihaba alifunga mzigo: habasoda, ubani, mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, mkaja wa kumfunga mzazi tumbo, na kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, za kumpokelea mtoto. Jinsi alivyosafiri haina haja ya kuelezwa. Alipanda ndege kama wengine wapandavyo, akashuka.

Kitu cha kwanza kilichomtisha ni nyuso. Ukumbi wa uwanja wa ndege wa Bayana ulikuwa mkubwa na mweupe, umejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa furaha wala wa huzuni. Mtoto mmoja alianguka akagonga goti. Mama yake alimwinua, akamziba mdomo, akamnyoosha mashavu kwa vidole kama anayenyoosha nguo, mpaka kilio kikapotea. Watu wakikutana hawakuulizana habari za nyumbani. Mmoja alisema, "Umeonekana?" na mwenzake akajibu, "Nimeonekana," kisha kila mtu akashika njia yake.

Mbele ya Sihaba kwenye foleni alisimama mwanamke mwenyeji. Sihaba akamgusa bega.

"Samahani, dada. Kuna msiba hapa?"

"Punguza uso, mama," yule mwanamke alisema, na midomo yake haikucheza sawasawa.

"Nipunguze uso? Kwani umezidi nini?"

"Umezidi mambo. Una furaha, una wasiwasi, una uchovu wa safari, vyote kwa pamoja. Jicho halipendi mambo mengi. Tuliza."

Hapo ndipo Sihaba alipoinua macho akaliona. Juu ya lango la kuingilia mjini, mahali ambapo nchi nyingine zingetundika bendera, lilining'inia Jicho Kuu: kioo cheusi cha mviringo, kikubwa kama sinia la pilau, na ndani yake kitu kilikuwa kikisogea taratibu. Kila aliyefika chini yake alisimama juu ya alama iliyochorwa sakafuni, akainua kidevu, akasubiri. Taa ya kijani ikiwaka, alipita. Hakuulizwa jina wala atokako.

Foleni ilikwenda polepole, na yule mwanamke, kwa kuwa alikuwa na moyo mwema na alijua kuzungumza bila kuusumbua uso wake, alimweleza mgeni sheria za nchi. Bayana mtu ni uso wake. Vyeti vilifutwa zamani, na ushahidi wa majirani ukafutwa baada yake, kwa kuwa majirani wanapendana na kuchukiana, ila Jicho halina ndugu. Tangu hapo kila raia ana wajibu wa kuutunza uso wake ubaki kama Jicho linavyoukumbuka. Mtu akiumwa jino shavu likavimba, anajifungia ndani mpaka uvimbe ushuke. Anayetaka kunyoa ndevu huomba kibali. Wazee huomba kibali cha kuzeeka kila mwaka, na wanaoongeza makunyanzi bila ruhusa wanatozwa faini. Na mjamzito ambaye uso wake umejaa haruhusiwi kutoka nje ya nyumba yake mpaka ajifungue na sura irudi.

Sihaba aliposikia hilo la mwisho alimwelewa mwanawe. Zawena alikuwa amemtumia ujumbe kwamba hataweza kuja kumpokea, bila kusema kwa nini. Katika picha yake ya mwisho pua ilikuwa imepanuka na mashavu yamefura, kama Sihaba mwenyewe alivyokuwa alipombeba yeye.

"Na Jicho likikosea?" aliuliza.

Yule mwanamke alisogea mbele, akaacha pengo kubwa kati yao, na hakugeuka tena. Ukutani kulikuwa na maandishi makubwa ambayo Sihaba alikuwa hajayasoma: JICHO HALIKOSEI. ASIYEFANANA, AMEKOSEA YEYE.

Zamu yake ikafika. Afisa aliyesimama kando ya alama aliitwa Bwana Lukonge, na cheo chake kilikuwa Mlinganishi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya daktari anayejua ugonjwa wako kabla hujausema.

"Karibu Bayana, mama. Simama hapo. Usicheke, usihuzunike, usitarajie chochote."

Sihaba alijitahidi. Lakini utamzuia vipi mtu kutarajia, na mwanawe yuko upande wa pili wa ukuta? Aliinua kidevu, akamfikiria Zawena, kisha akajaribu kutomfikiria. Kitu kilichokuwa kikisogea ndani ya kioo kikatulia. Taa nyekundu ikawaka, kengele ikalia, na kutoka mahali fulani nyuma ya ukuta akasikia makofi. Mengi, ya mikono mingi, kama ya watu waliopewa habari njema.

Aliona haya kidogo. Alidhani ni desturi ya kupokea wageni.

"Wananishangilia mimi?"

"Wewe," alisema Bwana Lukonge. "Wanakushangilia wewe, Kidawa."

"Kidawa nani, baba? Mimi naitwa Sihaba binti Jongo."

"Sisemi unadanganya," alijibu kwa upole. "Mtu anaweza kujisahau. Ndiyo maana tuna Jicho."

Sihaba alitoa pasi yake ya kusafiria, akaifungua mahali penye picha. Bwana Lukonge aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaiinua juu ya kichwa. Taa nyekundu ikawaka tena.

"Unaona? Hata picha yako inakusuta."

Kisha akamwambia kosa lake. Zamani, Jicho lilipokuwa bado jipya, mwanamke mmoja wa Bondeni aitwaye Kidawa Tandu alifika langoni na ndoo ya lami, akalimwagia Jicho, akatoweka. Hukumu yake ilisomwa bila yeye kuwapo: kifungo cha umri mzima wa mtu, kuanzia siku atakayoonekana. Na leo ameonekana.

Sihaba alitaka kupiga kelele, lakini aliwaona watu wa foleni wakimtazama kwa nyuso zile zile tupu, akaacha. Hakuna aliyemchukia pale, wala hakuna aliyemwonea huruma. Walimtazama kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha upande wa pili wa barabara. Hofu aliyoipata hapo, aliniambia, haikuwa ya kufungwa. Alijiuliza ghafla kama kweli hajawahi kushika ndoo ya lami.

Alipelekwa nyuma ya ukuta. Ule haukuwa ukumbi wa mahabusu kama anavyoujua mtu. Ulikuwa safi, una mikeka, una maji, na mwanga mweupe usiotoka dirishani wala kwenye balbu. Ulikuwa umejaa wanawake. Warefu kwa wafupi, wanene kwa wembamba, vibibi kwa wasichana wa shule. Wote walikuwa wamesimama wakiuelekea mlango kwa furaha.

"Karibu, Kidawa!" walisema.

"Mimi si Kidawa," alisema Sihaba, na machozi yakamtoka.

"Hata sisi, mwanangu," alijibu kikongwe mmoja mwenye jicho moja bovu na mkongojo. "Keti. Ukishalia, utakula."

Kikongwe huyo aliitwa Bi. Nyamate. Alikuja Bayana kununua dawa ya jicho lake, akanaswa kwa lile lililobaki. Ndiye aliyemfahamisha Sihaba mambo ya pale.

"Jicho halikuzaliwa likiona," alisema. "Lililelewa. Waliolitengeneza wanakaa Mtaa wa Juu, na walipotaka kulifundisha nyuso waliita watu waliokuwa karibu: wake zao, wakwe zao, majirani, watoto wa majirani. Likawajua mpaka kope. Siku lilipowajua wote ikapigwa sherehe. Sisi wa Bondeni hakuna aliyetuita. Uso mmoja tu wa kwetu liliuona vizuri, ule ulioliletea lami, nao liliuona kwa uchungu. Sasa mwanamke wa kwetu akisimama pale na mwanga ukampiga upande, jicho linaona lami."

"Na kila mwaka si wanalipima? Nimesikia wanalipima."

"Wanalipima sana. Wanawaita watu wa Mtaa wa Juu, wanawapitisha mmoja mmoja. Halijakosea hata mara moja." Bi. Nyamate alicheka, na wanawake wote wakageuka haraka kumtazama, kwa kuwa kicheko pale ndani kilisikika kama sahani iliyovunjika.

Sihaba hakuwa na moyo wa kucheka. Alimwita Bwana Lukonge mlangoni, akamsihi kwa jina la mama aliyemzaa. Hataki kuachiliwa, alisema, hilo watalizungumza baadaye. Anaomba tu mwanawe apelekewe habari kwamba mama yake yuko hapa, na mzigo wa mzazi upelekwe.

Bwana Lukonge alilifikiria jambo hilo kwa makini. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani hilo ndilo lililomtisha Sihaba zaidi ya yote.

"Zawena namfahamu, mke wa Bwana Hamduni," alisema. "Mama yake anaitwa Sihaba. Sihaba hajafika Bayana, Jicho halijamwona. Nitamwambia hivyo, asikae na wasiwasi: mama yako hajafika."

"Usimwambie hivyo! Atatoka kunitafuta!"

"Haruhusiwi kutoka," alisema Bwana Lukonge, akafunga mlango taratibu.

Baraza la Ulinganifu lilikutana mle mle ukumbini, kwa sababu washitakiwa walikuwa wengi mno kusafirishwa. Wajumbe walikaa juu ya jukwaa, nyuso zao zimenyooka kama mashuka ya hospitali. Juu ya kiti cha mwenyekiti palikuwa na kijicho kidogo, mtoto wa lile kubwa. Swali lililoletwa mbele yao lilikuwa moja: inakuwaje Kidawa Tandu, aliye mmoja, aonekane mara nyingi hivi?

Mjumbe wa kwanza, mwenye shahada za nchi mbili, alisema Kidawa ni mchawi na amejigawa ili kuwachosha walinzi. Wa pili alipinga; alisema uchawi si hoja ya kitaalamu, na kwamba mwenye mwili ni mmoja na waliobaki ni vivuli vyake, basi wasipewe chakula, kwa kuwa kivuli hakili. Wanawake waliposikia hivyo waliwakumbatia watoto wa shule waliokuwa kati yao. Wa tatu alitaka ijulikane kwanza kivuli ni yupi na mwili ni upi, na kazi hiyo wakabidhiwe wataalamu. Walibishana mpaka maji ya kunywa yakaisha mezani, na katika ubishi wote huo hakuna aliyewatazama wale wanawake, ingawa walikuwa wamekaa miguuni pao.

Kisha akasimama mjumbe mwanamke, Bi. Mafunda, mtu wa makamo. Alizungumza kwa sauti ndogo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Kidawa alimwaga lami miaka mingi iliyopita, akiwa mwanamke mzima. Pale kuna msichana ambaye wakati huo hakuwa amezaliwa. Ninauliza tu. Haiwezekani kwamba Jicho..."

"Mheshimiwa," alisema mwenyekiti, "hebu geuka huku unapouliza. Jicho likuone."

Bi. Mafunda aligeuka. Uso wake ulikuwa umeingia mambo, kwa hasira au kwa huruma, na kijicho kile kikasita. Taa haikuwa ya kijani wala nyekundu. Ilikaa hivyo, haina rangi, na Sihaba aliona shingo ya mheshimiwa yule ikilowa jasho. Polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu, Bi. Mafunda aliuondoa usoni kila alichokuwa anakihisi. Taa ya kijani ikawaka. Akaketi, na hakusema tena siku ile wala siku nyingine.

Mwenyekiti akatoa uamuzi. Kidawa ni mmoja, miili yake ni mingi. Kosa ni moja, basi na adhabu ni moja. Kuwafunga wote umri mzima kungekuwa kumwadhibu mtu mmoja mara nyingi kwa kosa lile lile, na Bayana ni nchi ya haki. Kwa hiyo kifungo kitagawanywa sawa kwa sawa baina ya miili yote, na kila mwili mpya ukionekana kitagawanywa upya. Wajumbe walipongezana kwa rehema waliyoionyesha, bila kutabasamu.

Sasa mmeelewa makofi yalitoka wapi. Kengele ikilia langoni, maana yake Kidawa mwingine amepatikana, na umri ule mrefu unakatwa kipande kimoja zaidi. Wakiwa wachache, watazeekea pale. Wakiwa wengi, watatoka mapema. Hapo ndipo Sihaba alipotambua. Kumbe yeye aliposimama juu ya alama, hawa dada zake wa Bondeni walikuwa humu ndani wanafurahi!

"Hamwoni aibu?" aliwauliza.

"Tuliona," alisema Bi. Nyamate. "Mimi niliona aibu muda mrefu kuliko wote. Halafu nikaanza kuona kifo."

Sihaba aliapa kwamba yeye hatapiga makofi kamwe. Kengele ikalia, akaingia mwanamke analia, mikono ya Sihaba ikabaki mapajani. Ikalia tena, akaingia mwingine na mtoto mgongoni, na Sihaba akawa wa kwanza kumtandikia mkeka. Alijivunia hilo. Lakini Bayana haikumwacha alivyokuwa. Uji uliletwa, na aliyejiita kwa jina lake mwenyewe hakupewa. Ilibidi uitwe Kidawa, uitike. Siku za mwanzo aliitika kwa kejeli, baadaye akaitika kwa njaa. Usingizini alianza kuota ndoo ya lami, na kwenye ndoto hiyo mpini wake ulimkaa vizuri mkononi. Hakukuwa na kioo cha kujitazamia. Asubuhi alikuwa akijipapasa pua na mashavu kwa vidole, kama kipofu, kuhakikisha kwamba bado ni yeye, na vidole havikuwa na uhakika.

Zaidi ya yote aliwaza tumbo la Zawena. Aliuona mwezi ukienda bila kuuona mwezi wenyewe. Uchungu ukimshika mtoto wake, nani atamkanda kiuno? Nani atamwambia asiogope, wakati nchi nzima imekatazwa kuonyesha hisia usoni? Akaanza kuisikilizia kengele. Alijiambia anaisikiliza tu. Halafu siku moja ikalia baada ya kimya kirefu, na aliposikia wenzake wanashangilia, viganja vyake vikakutana mara moja, kwa sauti ndogo. Alijitetea moyoni. Hakumpigia yule mwanamke mgeni, alisema, alimpigia Zawena. Kila anayeingia anamsogeza karibu na mwanawe. Mama gani asingetaka kumfikia mwanawe?

Baada ya hapo haikuwa vigumu. Alipiga kama wenzake, kisha akapiga kuwashinda. Bi. Nyamate alimwangalia mara moja tu kwa lile jicho zima, akatazama pembeni.

Ikafika siku ambayo Bwana Lukonge alipita akawaambia kwamba hesabu imekaribia. Miili ikiongezeka kidogo tu, kipande cha kila mtu kitakuwa kimeisha na wote watafunguliwa. Ukumbi ukawa hauna utulivu. Wanawake walinawa nyuso, wakafunga vilemba vyao vizuri, wakajipanga kuuelekea mlango. Sihaba aliufunga tena mzigo wake: mkaja juu, kanga chini, mafuta katikati yasimwagike. Uji wa asubuhi haukuwa umemalizwa kunywewa kengele ilipolia.

Loo, walipiga! Walipiga kwa mikono, kwa mabakuli, wengine kwa miguu. Sihaba alikuwa mbele yao wote, amesimama wima, mikono imeinuliwa juu ya kichwa, anapiga na kucheka kwa uso ambao Jicho lisingeutambua hata kidogo. Mlango ukafunguliwa. Akasukumwa ndani mwanamke mwenye mimba kubwa, miguu imevimba, uso umejaa, pua imepanuka. Alishika nguzo ya mlango asianguke, akazungusha macho kwenye kundi lile lililokuwa likimshangilia, akawa anamtafuta mtu.

Alimwona mama yake kabla mama hajamwona yeye.

"Mama?"

Nilimuuliza Sihaba ni kitu gani hasa hawezi kukisahau, kama ni taa nyekundu, au lile jina, au ndoto za lami. Alisema ni hiki: kwamba macho yake yalikwisha kumtambua Zawena, moyo ulikwisha kumtambua, na mikono ilikuwa bado inapiga. Ilipiga mara kadhaa zaidi. Zawena hakuitazama sura ya mama yake. Alikuwa anaitazama mikono.

Alikuwa ametoka kwa sababu ya ule ujumbe, mama yako hajafika. Mumewe alimkataza, akatoka kwa kuruka ua, na tumbo lile. Alikwenda uwanja wa ndege kuuliza kama ndege ya Bondeni imeanguka. Akasimama chini ya Jicho na uso wake wa ujauzito, uliojaa hofu kwa ajili ya mama, na Jicho likaona lami.

Mtoto alizaliwa mle mle juu ya mikeka, akapokewa kwa zile kanga, na Bi. Nyamate ndiye aliyemkanda mzazi kiuno, kwa kuwa Zawena alitaka hivyo. Mtoto alikuwa wa kike. Bwana Lukonge alimchukua kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akampeleka chini ya Jicho. Kengele ikalia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, na kesho yake milango ikafunguliwa, kwa kuwa hesabu ilikuwa imetimia.

Walirudi Bondeni wote watatu. Bwana Hamduni hajawahi kuja. Taa ya Bayana haimtambui tena mkewe, na mtu mwenye busara huko hamfuati mke ambaye hajaonekana. Sihaba alipika uji wa mzazi, alichemsha maji, alimfunga Zawena mkaja kama inavyotakiwa, ingawa siku za kwanza zilikuwa zimepita. Hawajawahi kulizungumza jambo lile. Zawena ni mtoto mwenye adabu, anamwamkia mama yake kila asubuhi na kumpa kiti.

Mwezi uliopita nilikuwepo kwao mtoto alipopiga hatua zake za kwanza. Aliachia ukuta, akayumba, akatembea kutoka kwa mama yake hadi kwa bibi, na sisi wote tuliokuwa sebuleni tukapiga makofi kwa furaha, isipokuwa bibi, aliyekuwa ameikalia mikono yake. Mtoto alifika, akamtazama usoni, akangoja. Alipoona hapigiwi, akapenyeza viganja vyake vidogo chini ya mapaja ya bibi yake, akaivuta mikono ile nje, mmoja kwanza, halafu wa pili, akaigonganisha. Akacheka, akaigonganisha tena.

Zawena aliinuka, akatoka nje.